Waandishi wa hadithi, mawazo mapya mnayatoa wapi? Mimi kila nikiandika kumbe ilishaandikwa

#1 KalamuKavu
Wakuu, habari za jioni.

Niende moja kwa moja. Nina madaftari manne ya hadithi nilizoanza, hakuna hata moja iliyofika mwisho. Nikifika katikati nagundua ninachoandika kipo tayari. Juzi nimemsimulia dada yangu ile niliyoipenda kuliko zote: binti anaajiriwa kazi za ndani kwa tajiri, kumbe ni mtoto wa huyo tajiri aliyepotea akiwa mchanga. Dada hakuacha hata kukata mchicha. Akauliza, "Si ile ya Kituruki ya saa tatu usiku?" Hiyo tamthilia sijawahi kuiangalia. Naapa.

Sasa nasema hivi, anayeweza anipinge: mawazo mapya yameisha. Waliotutangulia walichota maji yote, sisi tunakwangua tope. Kama unaandika riwaya, au hata simulizi za kwenye simu, niambie kweli: wazo lako la mwisho ulilipata wapi? Msinijibu "soma sana vitabu". Nimesoma.

#2 SitiYaMbele
Nimekaa hapa na karanga zangu. Ngoja waje wenye fani.

#3 Mtukutu
Mwandishi hapo kwenu ni dada. Mwachie daftari, wewe kata mchicha.

#4 KaraniMstaafu
Mleta uzi, mimi nimekaa mahakama ya mwanzo miaka 22 nikiandika maneno ya watu. Anayesema mawazo yameisha hajawahi kusikiliza kesi ya mpaka wa shamba.

Nikupe moja. Ndugu wawili wanagombea shamba, na mpaka, kwa maelezo ya wote wawili, ni mwembe aliopanda baba yao. Mashahidi wanne wakaapa. Kila mmoja akauweka mwembe mahali pake. Wa tatu alilia kabisa, akieleza alivyoanguka kutoka kwenye mwembe huo akiwa na miaka saba, akakunja na suruali kuonyesha kovu. Hakimu akachoka, akasema twendeni tukauone. Tukaenda. Mti wa mpakani ni mkorosho. Mkubwa, wa siku nyingi, na mwembe hakuna shamba zima.

Kilichonifanya nisilale si nani aliyedanganya. Ni kwamba nadhani hakuna aliyedanganya. Na lile kovu lilikuwa kovu kweli. Hapo una riwaya nzima, na hakuna Mturuki aliyeiandika.

#5 SitiYaMbele
Mzee, kovu alilipata wapi sasa??

#6 KaraniMstaafu
Hilo ndilo la mwandishi. Mimi nilikuwa karani tu.

#7 Binti_Simulizi
Mnaongea kama kuandika ni ibada. Mimi nauza simulizi kwenye magrupu ya WhatsApp, simulizi nzima shilingi elfu moja, unatuma kwenye namba nakuunganisha. Nikwambie mawazo yanatoka wapi: yanatoka kwenye deni. Watu mia na kitu wameshalipa, umeahidi sehemu ya 14 saa mbili usiku, saa moja na nusu huna hata mstari. Wazo litakuja tu, litake lisitake.

Kweli mengine yanakuja vilema. Kuna mjomba nilimuua sehemu ya 9, akafufuka sehemu ya 23 anakunywa chai sebuleni. Wasomaji wakanijia juu usiku uleule. Nikasema aliyezikwa alikuwa pacha wake. Wakaipenda kuliko yote! Pacha sikumpanga, nilimleta kwa aibu.

Kwa hiyo KalamuKavu, wewe hukukosa wazo. Umekosa wa kukudai.

#8 Bingwa wa Riwaya
Binti_Simulizi ndio maana riwaya zetu zimekufa. Pacha? Mwaka huu nimeshakutana na mapacha sita.

Tuwe wakweli, hata wakubwa walichukua. Muhammed Said Abdulla alishinda mashindano ya uandishi mwaka 1960 na Mzimu wa Watu wa Kale, na Bwana Msa na kiko chake ni nani kama si Sherlock Holmes aliyehamia Unguja? Hata rafiki wa kumshangaa anaye, Najum. Mbona tunamheshimu?

#9 Mwalimu wa Zamu
Marekebisho kidogo #8. Mwaka 1960 kitabu ndipo kilipochapishwa. Mashindano yalikuwa 1957/58, yaliendeshwa na East African Literature Bureau. Mengine nakubaliana nawe nusu: kiko kilitoka London, lakini ile mizimu na lile shamba ni la kwao. Sherlock Holmes ukimweka katikati ya watu wanaogopa mzimu kwa dhati, lazima aongee tofauti.

Nami niongeze. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert kiini chake kipo kwenye Alfu Lela Ulela, hadithi ya Abdalla na ndugu zake waliogeuzwa mbwa. Shaaban kawageuza manyani. Na Shakespeare? Kaizari, yule ambaye Mwalimu Nyerere alitutafsiria mwaka 1963, alimtoa kwa Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki. Tena hakujificha.

#10 Bingwa wa Riwaya
Sawa, nimekubali kwenye mwaka. Kwenye pacha sikubali.

#11 Mswahili wa Mvita
Nawasoma kutoka Mombasa. Hili neno "jipya" ndilo linalotusumbua. Nyanya yangu alikuwa akisema paukwa, sisi pakawa, na hadithi zake hazikuzidi kumi na tano. Tulizijua kwa moyo. Bado tulimkera kila usiku atuhadithie, na akikosea mahali tulimrudisha. Lakini hakuna usiku zilizofanana. Siku aliyogombana na jirani, fisi alizungumza kwa sauti ya jirani yule, na ile tabia yake ya kuvuta pua. Sisi twacheka mpaka twalia, naye hajamtaja mtu.

Nao watunzi wa tendi wa zamani, tazama wanavyoanza. Wamtaja Mola, kisha waomba waletewe karatasi, kalamu na wino. Kisa chenyewe wengi walisema wamekitoa kwenye vyuo, yaani vitabu, vya Kiarabu. Kilichowakosesha usingizi ni vina.

#12 Mtukutu
Kwa hiyo jibu ni wino. KalamuKavu jina lako limekuponza.

#13 Zuhura_Muscat
😂😂 Mtukutu utafungiwa tena.

#14 Kijana wa Kisasa
Mbona mnajitesa? Akili mnemba ipo. Unaiomba mawazo kumi, sekunde tano yamekuja.

#15 Binti_Simulizi
Nilijaribu. Yote kumi kijana anaitwa Juma, binti anaitwa Amina, Juma anatoka kijijini anakwenda mjini, mwisho wanajifunza umuhimu wa ushirikiano. Wasomaji wangu wangedai hela yao.

#16 Kijana wa Kisasa
Hujui kuiuliza.

#17 Binti_Simulizi
Ikinidai saa mbili usiku nitaiheshimu.

#18 NesiUsiku
Nimesoma toka mwanzo, nina shida na #4. Mzee karani, kesi za mahakamani ni za wazi, wewe unaweza. Mimi wodini nasikia mambo ambayo yangejaza maktaba na siwezi kuyaandika. Mtu amekuambia siri yake saa tisa usiku kwa sababu ana maumivu na wewe ndiye uliye macho. Hiyo si mali yako.

Kwa hiyo mimi naokota vitu, watu nawaacha. Kuna mama alikuwa akija kila jioni na chupa ya chai na vikombe viwili. Mgonjwa wake alikuwa hawezi kumeza chochote. Anamimina vyote viwili, kimoja anakiweka kwenye kabati la pembeni upande wa mgonjwa, cha kwake anakunywa taratibu, halafu mwishoni anakunywa na kile kingine kikiwa kimepoa. Anasuuza, anaaga. Nilichukua vikombe tu. Nikaviweka nyumba nyingine, kwa watu wengine kabisa, ambako hakuna anayeumwa. Hadithi ikaanza kujiandika, kwa sababu sasa ilibidi nijue kikombe cha pili ni cha nani.

#19 SitiYaMbele
Karanga zimeisha. Nimenyamaza.

#20 Dereva wa Tunduma
Dada Nesi umeongea. Mimi si mwandishi ila nimekaa foleni ya mpakani Tunduma siku nyingi kuliko nyumbani kwangu. Pale injini imezimwa, hakuna pa kwenda, watu wanaongea. Nilikuwa na utingo, kijana mpole. Kila jioni anarekodi ujumbe wa sauti kwenye simu, dakika mbili tatu: leo tumelala wapi, tumekula nini, lori limepima tani ngapi kwenye mzani. Nikamuuliza unamtumia nani. Akasema namba ya marehemu kaka yake, aliyekuwa dereva. Ule mwaka wote tiki ilikuwa moja. Siku moja tukiwa Vigwaza ikawa mbili.

Waandishi, haya.

#21 Bingwa wa Riwaya
Namba kapewa mtu mwingine, mitandao ya simu huzigawa upya. Ila hata nikijua sababu, nywele zimenisimama.

#22 Mtukutu
Mimi siwezi kulala. Dereva, huyo aliyepokea ALIJIBU??

#23 Dereva wa Tunduma
Nikifika Mbeya nitasema. Mtandao unakata.

#24 Mwalimu wa Zamu
Huyo kafunzwa na Binti_Simulizi kukatia pale pale.

Turudi kwenye mada. Naona kuna kambi ya masikio (karani, dereva), kambi ya deni, kambi ya Mvita ya kusimulia upya. Mimi naongeza ya nne: swali. Adam Shafi kwenye Kuli ana mgomo wa makuli wa Zanzibar wa 1948, jambo lililotokea kweli, kila mtu angeweza kulichukua. Lakini mgomo ni habari. Riwaya inaanza pale unapouliza: kijana mmoja, Rashidi, hajui kusoma, inakuwaje mpaka afike kuwa mstari wa mbele?

#25 KaraniMstaafu
Mwalimu, umenigusa upande wangu. Shaaban Robert naye alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Watu husema Kusadikika, nchi inayoelea angani, ni ndoto tupu. Mimi kila nikiisoma naona chumba cha kesi. Karama ameshtakiwa, Majivuno anashtaki, mfalme anasikiliza, na mshtakiwa badala ya kujitetea kwa maneno makavu anatoa visa vya wajumbe waliotumwa huko nyuma. Iliyo angani ni nchi tu. Kiti na meza ni vya ofisini.

#26 Mwalimu wa Zamu
Naogopa mzee unaiona mahakama kila mahali 😀 Wengine tunaona mtu aliyezuiwa kusema wazi mwaka 1951, akaipandisha nchi juu ili asikamatwe. Basi labda wazo linatoka kwenye kuzuiwa.

#27 KaraniMstaafu
Aliyezuiwa ofisini. Tumerudi palepale.

#28 KalamuKavu
Wakuu asanteni, nasoma zote. Lakini tatizo langu mmelipita. Nyinyi mna mahakama, wodi, mpaka wa Tunduma. Mimi nafanya kazi ya kuingiza takwimu kwenye kompyuta, narudi chumbani, nalala. Maisha yangu hayana mkorosho.

#29 NesiUsiku
Dirisha unalo?

#30 KalamuKavu
Ninalo. Linatazama fremu za maduka, upande wa pili wa barabara ya vumbi. Duka la vocha, saluni, fundi viatu, na fremu moja imekufa.

#31 NesiUsiku
Imekufaje?

#32 KalamuKavu
Haiuzi kitu. Kuna mzee anakuja saa mbili asubuhi, anafungua makufuli mawili, anatoa benchi, anafagia mbele, anamwagia maji vumbi litulie. Anakaa kwenye benchi mpaka kama saa nne. Anarudisha benchi, anafunga, anaondoka. Ndani rafu hazina kitu. Kaunta tu, na mizani ya zamani, ile ya kupimia kwa mawe. Ni hivyo toka nihamie hapa, mwaka wa pili sasa. Mnaona? Hakuna stori.

#33 Mtukutu
HAKUNA STORI???

#34 SitiYaMbele
Huyu jamaa apigwe faini.

#35 Bingwa wa Riwaya
Mwaka wa pili! Anasema hana mkorosho huku anautazama kila asubuhi akipiga mswaki.

#36 Dereva wa Tunduma
Nimepata mtandao. Huyo mzee amestaafishwa kazi, mkewe hajui. Anaaga nyumbani kila siku anakwenda dukani. Nimeona watu wa hivyo.

#37 Mtukutu
Dereva acha mizani, yule wa kwenye simu alijibu nini?

#38 Binti_Simulizi
Sio. Ndani ya ile kaunta kuna hela. Ama mtu. Sehemu ya kwanza naipata kabisa: "Makufuli yalikuwa mawili, lakini funguo zilikuwa tatu."

#39 Bingwa wa Riwaya
Mstari wa kwanza mzuri, nasikitika kukubali. Usilete pacha.

#40 KaraniMstaafu
Ni mirathi. Fremu ina mgogoro, kesi haijaisha. Anayeonekana kuitumia ana hoja ya kuwa ameendelea kuimiliki. Kila asubuhi anafungua ili kesho asiambiwe aliitelekeza. Lile benchi ni ushahidi.

#41 Mswahili wa Mvita
Mzee wangu, kila kitu kesi! Mimi nasema alikuwa muuza duka aliyekopesha mtaa mzima na duka likafa kwa madeni. Sasa aketi pale watu wapite wamwone. Hasemi neno. Kila apitaye ajua anachodaiwa. Wengine siku hizi wazunguka barabara ya nyuma.

#42 Zuhura_Muscat
Hii ya Mvita imenichoma. Baba yangu alikuwa na duka Unguja, daftari la mkopo tulilikuta baada ya kufa kwake. Wengine tuliwajua, walikuja msibani wakalia kwa sauti. Tulilichoma, mama alisema tulichome. Ila nakumbuka mpaka leo ukurasa mmoja: jina la mwanamke, vibiriti, sabuni, mafuta taa robo, miaka mitatu mfululizo, na baba hakuandika jumla hata siku moja.

#43 NesiUsiku
Pole Zuhura. Na usiruhusu mtu humu aichukue hiyo. Iandike wewe.

#44 Binti_Simulizi
Nilikuwa nataka kuomba ruhusa jamani 🙈 Nimeghairi.

#45 Kijana wa Kisasa
Nimeiuliza akili mnemba kuhusu mzee wa fremu. Imesema mzee anaitwa Juma, na anawafundisha vijana wa mtaa umuhimu wa uvumilivu.

#46 SitiYaMbele
😂😂😂😂

#47 Mwalimu wa Zamu
Mmeona lakini? Fremu moja, tumeshapata visa vinne na hakuna vinavyofanana. Dereva kaleta aibu, karani kaleta sheria, Mvita deni, Binti kaleta maiti kama kawaida yake. Kila mtu kachungulia mle ndani kaona chake. Ndio maana ile hoja ya "mawazo yameisha" mimi inanipa shida.

#48 Bingwa wa Riwaya
Mwalimu usitufungie mjadala. Mimi bado nasema kupata wazo si kazi. Visa vinne vimetoka ndani ya saa moja, bure kabisa. KalamuKavu ana madaftari manne ya mawazo. Alichokosa ni kuvumilia kurasa 60 za katikati, pale ambapo kila kitu kinaonekana kibovu na dada anakata mchicha. Tamthilia ya Kituruki ilikuwa kisingizio cha kuacha.

#49 KalamuKavu
#48 umenipiga penye jipu. Sijibu leo.

#50 Mtukutu
Dereva wewe umelala Mbeya ama umehamia?

#51 KalamuKavu
Wakuu, leo asubuhi kabla ya kazi nilivuka barabara.

#52 Mswahili wa Mvita
Usimuulize! Ukimuuliza akakwambia amri ya daktari akae juani, hadithi zetu zote zimekufa.

#53 KaraniMstaafu
Muulize. Ukweli haujawahi kuua hadithi, nimeandika ukweli miaka 22.

#54 KalamuKavu
Nimechelewa kusoma ushauri wenu. Nilifika, nikamwamkia. "Shikamoo mzee." Akaitika marahaba, akanyanyuka kwenye benchi, akaingia ndani taratibu akishika ukuta, akasimama nyuma ya ile kaunta tupu. Akaipangusa mizani kwa kiganja. Akaniuliza:

"Haya kijana. Tukupimie nini?"

#55 SitiYaMbele
Weeee.

#56 NesiUsiku
Ukasemaje?

#57 KalamuKavu
Nilikosa jibu. Nikasema nitarudi. Akasema, "Usichelewe, nafunga saa nne."

Nimeingia kazini, takwimu zote nimeingiza safu isiyo yake.

#58 Binti_Simulizi
KalamuKavu nakupa elfu kumi unipe huo mstari.

#59 KalamuKavu
Siuzi.

#60 Dalali Mwaminifu
Habari wakuu, nimepitia uzi haraka haraka. Hiyo fremu iko maeneo gani, na mwenye nyumba anachukua kodi ya miezi mingapi? Nina mteja wa duka la dawa yuko tayari.